Maneno ya Pindoni

Kanga ya Bi Nassra haikwenda kiwandani mpaka ipite kwanza kwa Bi Duni. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini mtaa mzima wa Mchangani uliijua. Bi Nassra alikuwa na duka la kanga upande huu wa njia. Bi Duni alikaanga vitumbua kwenye baraza ya upande wa pili, hatua ishirini na tano hivi, na kati yao zilipita vespa, mikokoteni na watalii waliopotea. Kila kanga mpya ilipochorwa, Bi Nassra alitungika sampuli kwenye kamba mlangoni, kisha akaita, "Duni!" Bi Duni akaitika, "Naam," akainua macho, akasoma jina la kanga kwa sauti huku mkono wake ukiendelea kugeuza vitumbua. Akilisoma bila ya kitumbua kuungua, kanga imepita. Kikiungua hata kimoja, jina linarudi kwa mchoraji.

"Jina la kanga ni la mpita njia," Bi Nassra alizowea kusema. "Anayelengwa hasimami akasoma. Lazima limpate hivyo hivyo akipita."

Ibtisam aliijua sheria hiyo, na asubuhi ile ya Jumamosi aliingia dukani na sampuli yake kifuani.

Alikuwa na miaka ishirini na nne, mtoto wa Mpendae, na alimaliza chuo mwaka uliopita akiwa amesomea usanifu wa michoro. Wenzake walichora nembo na mabango. Yeye alichora herufi. Kwa miaka miwili aliandama aina moja tu, kubwa zake na ndogo zake, pamoja na tarakimu: herufi za mlazo, zinazoinama kidogo kwa mbele, nene pale kalamu inaposhuka na nyembamba pale inapopanda. Alianza kwa kalamu ya kweli, ya mwanzi uliokatwa bapa, aliyoachiwa na marehemu babu yake. Kila herufi aliiandika mara mia ndipo akaihamishia kwenye kompyuta. Aliziita Mvinje, kwa sababu zililalia upande mmoja kama mivinje ya Bwejuu, ambayo upepo umeisukuma tangu ikiwa miche na bado imesimama.

Kila aliyeziona alizisifu, lakini sifa hazikuwa kazi. Mpaka siku hiyo Mvinje zilikuwa zimetumika kwenye kadi moja ya harusi, kwenye menyu ya mkahawa wa Shangani uliofungwa baada ya miezi miwili, na kwenye karatasi za sabuni ya mwani za kina mama wa Bwejuu. Ami yake, Hisham, alikuwa na ofisi ya kutoa mizigo karibu na bandari, na humo ndani meza moja tupu ilikuwa ikimngojea.

"Ntakuja, ami," Ibtisam alimwambia, "lakini nipe kanga hii moja aliyonipa Bi Nassra niichore. Ikitoka na herufi zangu, n'na kazi yangu. Isipotoka, mwezi ukiandama n'naanza kwako."

Ami Hisham alikubali. Ibtisam alikuwa ametoa ahadi mbele ya mama yake, na mwezi ulibakisha siku tisa kuandama.

"Shikamoo, Bi Nassra."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeikumbatia kama kitoto kichanga? Ilete ipumue."

Juu ya kiti pekee cha duka alikaa Bi Mwanakhamis, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya maji. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha kina mama wa Mpendae, na kanga hiyo ingekuwa sare yao katika harusi ya binti yake, Rawiya. Zitakazobaki zingekwenda madukani. Rawiya alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na watu walikuwa wamesema mpaka wakachoka, wakapumzika, wakaanza tena. Kwa hiyo jina la kanga Bi Mwanakhamis alilitunga mwenyewe: "Mliotuhesabia miaka, hesabuni na wageni."

Bi Nassra akatungika sampuli. "Duni!"

"Naam."

Bi Duni aliinua macho. Aliyakaza, akayafinya, akaelekeza sikio kana kwamba kanga ingesikika. "Mlio..." akaanza. "Mlio..." Kitumbua cha kwanza kikatoa moshi. "Nassra, hii kanga, au siafu wanahama nyumba?"

"Soma, Duni."

"Nsome nini? N'naona mstari umelala. Uamsheni kwanza."

Mchukuzi aliyekuwa akipita na mkokoteni alicheka mpaka akasimama. Kitumbua cha pili kiliungua, na cha tatu. Ibtisam akaichukua sampuli na kuivusha njia mwenyewe, maana Bi Duni hakupata hata siku moja kuuacha moto wake. Aliichukua na miwani pia. Wanawake hao wawili walikuwa na miwani moja, ya kusomea karibu. Asubuhi ilikaa kwa Bi Nassra, na baada ya alasiri ikavuka kwa Bi Duni.

Bi Duni aliivaa, akasoma polepole, akatikisa kichwa. "Kumbe ni vijembe. Mwanangu, maandishi mazuri haya, wallahi. Lakini maneno yenyewe ni ya kurusha dirishani, na wewe umeyafunika kawa."

"Miye nataka lisomeke mpaka Fumba," Bi Mwanakhamis alisema kutoka dukani, na kwa sauti ile Fumba pengine walimsikia.

Bi Nassra hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomuuma Ibtisam zaidi. "Herufi zako zinanong'ona," alimwambia, "na kanga inasema. Alkhamisi napeleka mchoro kiwandani. Jumatano niletee jina lililosimama."

Nyumbani Mpendae, Ibtisam aliweka kompyuta yake juu ya meza ya kulia chakula na kuanza kuzitibu herufi zake. Jumapili alizinenepesha. Jumatatu alizipunguzia mwinamo, Jumanne akauondoa kabisa. Kila alipobadilisha, alirudi nyuma mpaka ukuta wa jikoni na kutizama kwa jicho moja, akijifanya Bi Duni. Zilianza kusomeka. Kadiri zilivyosomeka ndivyo zilivyozidi kufanana na herufi yoyote ya kibao chochote cha duka la saruji.

Mama yake alipita na sinia la mchele, akasimama nyuma yake. "Hizo si zile za babu yako?"

"Ndizo, mama."

"Mbona zimevaa mabuti?"

Ibtisam alicheka, kisha akaona machozi yanamjia, akajitia kupangusa kioo cha kompyuta. Alizifuta zote alizozitibu. Halafu akachukua herufi nene za kawaida, zile zilizomo ndani ya kila kompyuta, akaandika jina la kanga kwa herufi kubwa tupu. Kazi ile ilimchukua dakika nne.

Jumatano kanga ilipita bila hata Bi Duni kuinua kichwa vizuri. "MLIOTUHESABIA MIAKA, HESABUNI NA WAGENI," alisoma, akageuza kitumbua, akasema, "Hilo litawapata mpaka waliokufa." Bi Mwanakhamis alipiga kigelegele kimoja, njiwa wakaruka kwenye paa.

"Sasa hizi ndizo herufi," alisema Bi Nassra. "Zako?"

Ibtisam angeweza kusema naam, na hakuna ambaye angejua. "Hapana, Bi. Hizi ni za kila mtu. Zangu zile za Jumamosi."

Bi Nassra alimtizama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kutafuta bahasha ya kutilia mchoro. Ibtisam alianza kuhesabu vituo vya njia ya kwenda ofisini kwa ami yake.

Ile sampuli ya Jumamosi Bi Nassra hakuitupa. Aliifunikia cherehani, isipate vumbi. Bi Mwanakhamis, aliyekuwa akingojea chai aliyoagiza, alikisogeza kiti chake hapo, akaona maandishi, akaichukua miwani juu ya meza. Akayasoma maneno yake mwenyewe. Akayasoma tena, kidole kikifuata mstari, na kichwa chake kikainama upande ule ule zilikoinamia herufi.

"Njoo, wewe," alimwita Ibtisam. "Hizi zinaweza kuandika maneno mengine?"

"Maneno yoyote, Bi."

Bi Mwanakhamis alitizama mlangoni, kisha akafanya jambo ambalo Ibtisam hakujua kama analiweza: akashusha sauti.

"Mungu kanipa sauti moja tu, ya ukumbini. Nikimwita mwanangu kula, majirani wanakuja kula. Wiki hii yote n'nataka kumwambia Rawiya neno. Nikifungua mdomo linatoka 'funga mlango, mbu wanaingia.'"

"Neno gani, Bi?"

"Kwamba akichoka, arudi." Alivua miwani, akaifuta kwa buibui ingawa ilikuwa safi. "We mtoto, lakini desturi unaijua. Mama hamwambii hivyo bibi harusi. Nikisikiwa, wataambizana Mwanakhamis anamvunjia mwanawe nyumba kabla haijaezekwa. Unamwambia stahamili. Miye niliambiwa stahamili nkastahamili, na pale pa kurudi sikurudi. Mamangu, siku zake za mwisho, ndipo akaniambia. Miaka yote ile alikuwa akilala mlango hautii komeo."

Hapo chai ikaja, Bi Mwanakhamis akailipia, akangoja muuzaji aondoke.

"Basi miye nataka hilo," alisema Bi Mwanakhamis. "Ukichoka rudi, mlango siutii komeo. Kwa herufi hizi. Zinasema kama mtu aliyekukaribia."

Ibtisam aliitizama sampuli upya. Miaka miwili alijiuliza kama herufi zake ni nzuri. Hata siku moja hakujiuliza anayesoma amesimama wapi.

Bi Nassra alikuwa ameshatoka na bahasha, na alikuwa amesikia. "Mwanakhamis, kiwanda hakichapi doti moja. Neno likiingia, limeingia kwenye zote."

"Basi liache. Siwezi kulitangaza."

"Halitangaziki, Bi," alisema Ibtisam. Akaikunjua sampuli juu ya meza, akaweka kidole ukingoni, kwenye pindo lililojaa maua. "Jina kubwa linakaa pale pale, kwa herufi zile zile nene. Hili dogo nalipitisha hapa chini, ndani ya maua, kwa Mvinje. Mpita njia hataliona. Atakayeliona ni aliyekaa na wewe mpaka pindo lako likamgusa."

"Na akiliona adui?"

"Adui hakai karibu hivyo, Bi Nassra."

Bi Nassra akamtizama Bi Mwanakhamis, naye akaitikia kwa kichwa. Kutoka upande wa pili ikaja sauti, "Mnasengenya nini humo?"

"Kaanga vitumbua vyako!" wakajibu wote wawili.

"Kesho saa mbili asubuhi," Bi Nassra alimwambia Ibtisam. "Lakini safari hii litapita kwa kinyume. Duni akilisoma hilo la chini kutoka kule, silitii."

Ibtisam hakurudi Mpendae. Alikaa pale pale kwenye meza ya duka, baina ya marobota ya kanga, akafungua kompyuta aliyokuja nayo, akafanya kazi mpaka alasiri. Aligundua kwamba sasa hakuwa na haja ya kuzitibu herufi. Mwinamo ule ule uliomfelisha ndio uliokuwa ukimsaidia, kwa sababu mashina ya maua ya pindo nayo yaliinama. Akazipanga k na h na d na l zisimame kati ya mashina kama ndugu zao. Mkia wa g aliupinda mpaka ukalifuata ua la asumini na kuishia kwenye jani. Sehemu nyembamba za herufi zikawa nyuzi za maua, na zile nene zikawa kivuli chake. Bi Mwanakhamis alikuja mara tatu kutizama, kila mara akisema kwamba alikuwa akipita tu.

Alkhamisi saa mbili sampuli mpya ilitungikwa. Bi Mwanakhamis alikaa juu ya kiti akiwa ameshika magoti yake. Ibtisam alisimama nyuma ya mlango.

"Duni!"

"Naam."

"Soma."

"Si nshaisoma jana? Mliotuhesabia miaka, hesabuni na wageni. Ushakuwa msahaulifu."

"Na jingine?"

"Jingine lipi?"

"Tizama vizuri."

Bi Duni akatizama vizuri. Kitumbua kikageuka, chekundu kama inavyotakiwa, kikafuatwa na chengine. "N'naona pindo. Maua. Mazuri, kama yanapepea. Kwani kuna nini?"

"Basi imepita," alisema Bi Nassra. "Imepita mara mbili."

"Kupita mara mbili ndiko vipi?"

"Kuna neno pindoni."

"Linasemaje?"

"Halisemwi hilo, Duni. Linasomwa."

Bi Duni aliendelea kukaanga. Akageuza kimoja, akageuza cha pili. Akatizama kanga. Kisha akauweka chini ule uma wake wa kugeuzia, akajifunga kanga yake vizuri, akashuka barazani. Muuza kahawa wa pembeni aliacha kumimina. Mwenye vespa alipiga breki, naye Bi Duni akavuka mbele yake bila ya kumtizama, akafika mlangoni mwa duka, akanyosha mkono. Bi Nassra akampa miwani.

Aliliinua pindo, akalisogeza usoni. Kichwa chake kikalala upande polepole. Midomo ilicheza, lakini hakusoma kwa sauti, yeye aliyesoma kila jina la kanga kwa sauti kwa miaka kumi na sita. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Nyuma yake moshi mweusi ulianza kupanda kutoka kwenye chuma cha vitumbua.

"Duni, vitumbua," alisema Bi Nassra.

"Viache viungue."

Halafu akavua miwani. "Mtoto wangu yuko Dar mwaka wa nne huu," alisema. "Akipiga simu, namuuliza kama kala. Niwekee doti mbili, Nassra. Moja ntampelekea." Akamgeukia Ibtisam, akamshika shavu kwa mkono uliojaa unga. "Kumbe hukulaza mstari. Umeuinamisha, mtu aje karibu."

Bi Mwanakhamis aliichukua ile miwani, akasoma na yeye.

Kabla ya adhuhuri mchoro ulikuwa umeshaondoka, na Bi Nassra alikuwa ameshatoa daftari lake. "Kwa Idi n'na kanga nyengine tatu," alisema. "Majina ya juu n'nayo. Ya pindoni utanitafutia wewe, kwa Mvinje zako. Na kila moja itapita kwa Duni, kotekote."

Jioni mama yake Ibtisam alimpigia simu shemeji yake. Ami Hisham hakukasirika hata kidogo. Aliuliza tu kama, kwa kuwa mambo yamekuwa hivyo, herufi hizo zingeweza kuandika kibao kipya cha ofisi yake.

"Hapana, ami," Ibtisam alimjibu. "Kibao chako kinasomwa na madereva wa malori."

Harusi ilikuwa mfunguo mosi, mwezi wa Idi, katika ukumbi mmoja mjini. Kina mama wa Mpendae waliingia kwa safu, kanga mpya zimefungwa juu ya nguo zao, na jina likasomeka kutoka mlangoni, kutoka jukwaani, na kwa hakika kutoka kwenye zile meza mbili za pembeni zilizokuwa zimekusudiwa. Meza hizo zilinyamaza, kisha zikaanza kuhesabu wageni kweli, ikawa kicheko. Lakini Ibtisam, aliyekaa mbele karibu na jukwaa, alikuwa akitizama jambo jengine. Hapa na pale wanawake wawili waliokaa pamoja walikuwa wakiinamiana. Mmoja anashika pindo la mwenzake, kichwa kinalala upande, kisha wanashikana mikono na kurudi kwenye biriani.

Rawiya aliingizwa na kukalishwa jukwaani, macho chini, kama inavyompasa bibi harusi. Watu walimpiga picha na kumsifu, na yeye hakutizama juu. Ndipo mama yake akapanda jukwaani kumtengeneza shela. Alisimama mbele yake, mwili wote ule, na kanga yake ikaning'inia sawasawa mbele ya macho yale yaliyotizama chini.

Ibtisam alikiona kichwa cha Rawiya kikianza kuinama. Kiliinama kidogo tu kwa upande, na yeye, aliyeuchora mwinamo ule mara elfu, aliujua mara moja.

"Kaa sawa, kichwa kinakwenda upande," alisema Bi Mwanakhamis, na ukumbi mzima ukasikia. "Watu wanapiga picha."

Rawiya hakukaa sawa. Alinyosha vidole vyake vyenye hina, akalishika pindo, akalisoma, akaupita ule mkia wa g uliopinda ndani ya jani, mpaka neno la mwisho. Kisha akafanya lisilofanywa na bibi harusi: akainua macho, akamtizama mama yake, akatabasamu.

"Nshasoma, mama," alisema polepole.

Bi Mwanakhamis alifungua mdomo. Aliitafuta ile sauti ndogo aliyoipata siku moja dukani, na kwa muda ilionekana kama ataipata tena. Kisha akageuka kuukabili ukumbi. "Nani kaacha mlango wazi?" aliuliza kwa sauti yake ya kila siku. "Baridi yote ya AC inatoka nje."

Msichana mmoja alikimbilia mlango kuufunga. Bi Mwanakhamis akamnyoshea mkono.

"Hebu uache, mwanangu," alisema. "Uache wazi tu."